Uzi Uliolala Ulikuwa Wangu

Kwetu Rungwe ushuhuda hutolewa kwa kusimama. Wamishonari wa Kimoravian walifika chini ya mlima Rungwe mwaka 1891, na tangu enzi hizo watu wa huku wamezoea kusimama mbele ya wenzao na kusema: nilikuwa hivi, likanipata hili, sasa niko hivi. Nimesikia shuhuda nyingi za pombe, za ndoa na za magonjwa. Wangu ni ushuhuda wa kazi. Ni habari ya namna nilivyoacha kuzima seva, na ya asubuhi moja niliyomtafuta mkosaji nikajikuta ni mimi. Msomaji asiyejua kompyuta anivumilie kidogo tu, maana kiini cha jambo hili anakijua tangu utotoni.

Nimezaliwa Masoko, kando ya ziwa Kisiba. Ziwa lile limezaliwa na volkano. Limekaa ndani ya shimo la mviringo, halina mto unaoingia wala unaotoka, na kina chake hufika karibu mita 37. Juu yake limesimama boma la mawe walilojenga Wajerumani, na wazee husimulia kwamba walipokimbia vita walitupa mali zao majini. Baadaye boma lile lilitumika kama mahakama. Baba yangu alikuwa mzee wa baraza, akikaa pamoja na hakimu kusikiliza kesi za ng'ombe, za mipaka ya migomba na za madeni. Jioni tulipomuuliza nani ameshinda, hakutujibu upesi. Alikuwa na neno lake moja: usimhukumu aliyepiga kelele mpaka umjue aliyenyamaza. Nililisikia mara nyingi kiasi kwamba nililizoea, na kitu ulichokizoea hukitumii.

Nilipomaliza masomo niliajiriwa Tukuyu, katika ofisi inayotunza hesabu za majani mabichi ya chai ya wakulima wadogo. Sitaitaja, kwa kuwa makosa ninayoyasimulia ni yangu mwenyewe. Kazi ilikwenda hivi. Mkulima huchuma, hubeba gunia lake hadi banda la kupimia, karani hupima, huandika kilo kwenye kadi ya mkulima na kwenye fomu yake, kisha huziingiza kwenye simu ya kazi. Kutoka hapo zinaingia kwenye seva yetu, ndani ya hifadhidata ya MySQL. Mwisho wa mwezi seva hujumlisha, na mkulima hulipwa kwa jumla hiyo.

Chai haina subira. Majani yakirundikana kwenye gunia yanapata joto na kuharibika, kwa hiyo lori lazima liyafikishe kiwandani siku ile ile. Nayo mvua ya Tukuyu kila mtu anaijua, hasa Machi na Aprili. Mfumo ukikwama, karani hapimi, lori haliondoki, na akina mama wanabaki wamesimama chini ya bati na magunia yao. Simu yangu huanza kulia.

Dawa yangu ilikuwa moja. Niliingia chumba cha seva, nikabonyeza kitufe na kukishikilia mpaka taa zikazimika, nikahesabu hadi ishirini, nikawasha. Kila kitu kilirudi. Makarani walinishukuru, mkubwa wangu alinisifu, nami niliamini kwamba ninaijua kazi. Kwa karibu miaka miwili sikujiuliza hata mara moja kilichokuwa kimekwama ni nini.

Mwezi mmoja wa Machi nilizima hivyo mara nne. Siku ya malipo akaja mama mmoja wa makamo, ameshika kadi yake ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe. Alinisalimia kwa adabu, akaketi, akanionyesha. Kadi ilisema kilo 41 kwa siku fulani. Kwenye orodha yetu siku hiyo haikuwepo kabisa. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, siku hiyo mimi sikuja?"

Swali lile sikuweza kulijibu. Nilikwenda kuchunguza nikagundua nilichokuwa nikikifanya. Fomu ya banda moja ina wakulima wengi, na mfumo wetu ulikuwa ukiiandika fomu nzima kama muamala mmoja, yaani kazi inayokamilika yote au isiwepo kabisa. Karani akiwa katikati ya fomu nami nikazima, seva ikiwaka hufanya kama ilivyofundishwa: inatunza kila muamala uliofungwa, na kila ambao haujafungwa inaufuta kana kwamba haukuandikwa. Hilo si kosa la seva. Ndivyo inavyojilinda isibaki na hesabu nusu nusu. Aliyekata katikati ni mimi. Baadhi ya fomu za karatasi zilikuwa zimelowa mvua na hazisomeki. Ilitubidi kuzunguka banda kwa banda siku tatu, tukinakili kutoka kwenye kadi za wakulima, mmoja mmoja. Mama yule tulimlipa. Lakini nilijua wapo ambao kadi zao zilipotea, na hao hawakuja kudai.

Wiki ile nilimpigia mhandisi mmoja wa Mbeya aliyewahi kutufundisha. Nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, unazima hospitali nzima kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Orodhesha kwanza." Akanipa amri ya maneno mawili: SHOW PROCESSLIST.

Nieleze hapa kile nilichokiona, maana ndicho kilichonigeuza. Kila mtu au programu inayoingia kwenye seva hupewa uzi wake, na uzi huo ndio unaobeba maombi yake. Simu ya karani ina uzi, kompyuta ya mhasibu ina uzi, dirisha langu mwenyewe lina uzi. Amri ile huleta orodha ya nyuzi zote zilizo hai saa hiyo. Kila mstari una namba ya uzi, jina la mtumiaji, mashine aliyotokea, hifadhidata anayoitumia, kazi anayoifanya, sekunde alizokaa katika hali hiyo, hali yenyewe, na mwishoni ombi aliloleta. Ombi refu hukatwa kwenye herufi 100 za kwanza. Ukitaka lote unaongeza neno FULL katikati ya amri. Mtumiaji wa kawaida huona nyuzi zake tu. Kuona za wote kunahitaji ruhusa iitwayo PROCESS, na mimi nilikuwa nayo miaka yote miwili bila kuitumia.

Nilitazama orodha ile nikajisikia kama mtu aliyeishi nyumbani mwake gizani, na mtu akamwashia taa. Walikuwemo makarani wote, kila mmoja na banda lake. Nilikuwa nikiwazima watu hawa wote pamoja.

Orodha ikiwa ndefu haisomeki kwa macho, na SHOW PROCESSLIST yenyewe haikubali kuchujwa. Mhandisi alinionyesha kwamba orodha hiyo hiyo imewekwa kama jedwali: zamani ndani ya information_schema, na katika matoleo mapya ndani ya performance_schema, ambayo huisoma bila kuzizuia nyuzi nyingine. Jedwali linaulizwa maswali. Nionyeshe nyuzi zilizozidi sekunde 30. Nionyeshe za mtumiaji huyu. Panga kuanzia iliyokaa muda mrefu. Nikafundishwa na namna mbili za kusimamisha. KILL QUERY husimamisha ombi na kumwacha mtu ameunganishwa. KILL peke yake humkatia uzi wote, na muamala wake ulio wazi hurudishwa nyuma.

Nilijiandikia kichujio changu nikakibandika ukutani. Kilisema: leta nyuzi zote isipokuwa zilizolala, panga kwa sekunde. Nyuzi zilizolala huandikwa Sleep, na huwa nyingi. Hazina ombi, hazifanyi lolote, zinajaza kioo tu. Nilizitoa ili niwaone wanaofanya kazi. Kwa miezi kadhaa kichujio kile kilinisaidia kweli. Ripoti nzito ya mhasibu ikizidi dakika kumi niliiona, nikampigia, tukakubaliana, nikaisimamisha kwa KILL QUERY na makarani wakaendelea. Sikuzima seva tena. Nilidhani ushuhuda wangu umeishia hapo.

Kisha ikaja asubuhi ninayotaka kuisimulia.

Ilikuwa msimu wa mvua. Kabla ya saa mbili nilifungua dirisha langu la amri ili kusahihisha kilo za mkulima mmoja zilizokosewa. Kwa tahadhari nilianza kwa START TRANSACTION ili nikikosea niweze kurudi nyuma. Nikasahihisha, nikakagua, zilikuwa sawa. Lilibaki neno moja tu la kuufunga muamala, COMMIT. Simu ikalia: mizani ya banda moja inasoma vibaya, lori linasubiri. Nikachukua koti la mvua nikapanda bodaboda.

Niliporudi, karibu saa tatu na nusu, ofisi nzima ilikuwa imesimama. Kila banda lilikuwa likipiga simu. Karani alibonyeza kutuma, haikwenda, akabonyeza tena, na kila alipobonyeza uzi mwingine ulifunguka. Niliendesha kichujio changu. Zikaja nyuzi 63, karibu zote zikiwa na hali moja: zinasubiri kufuli la jedwali. Iliyokaa muda mrefu zaidi ilikuwa ALTER TABLE ya mwenzangu, aliyekuwa akiongeza safu ya daraja la majani. Chini yake walikuwa makarani.

Nilianza kuua nyuzi za makarani, nikianza na zilizokaa sana. Niliua kumi na moja. Kila niliyemkatia, fomu iliyokuwa kwenye kioo chake ilifutika, akaiandika upya, akarudi kwenye foleni nyuma ya wengine. Namba haikushuka. Ilipanda. MySQL isipobadilishwa huruhusu miunganisho 151, na nafasi moja ya akiba kwa msimamizi. Nikaona tunaelekea huko, na huko kila anayegonga mlango hufukuzwa. Mkono wangu ukaelekea kwenye kitufe cha zamani. Niseme ukweli, nilikuwa tayari kukibonyeza.

Nilimkumbuka yule mama na kadi yake. Nikampigia mhandisi badala yake.

Alisikiliza, akauliza swali moja: "ALTER inamsubiri nani?"

Nikamwambia hakuna mtu juu yake, hiyo ndiyo ya kwanza.

Akasema, "Ya kwanza kwenye kichujio chako. Toa kichujio."

Nikaondoa sharti la Sleep. Zikaongezeka nyuzi nyingi, zote zimelala. Akaniambia niulize jedwali la miamala ya InnoDB, injini inayohifadhi data ndani ya MySQL, ni uzi upi una muamala ulio wazi tangu zamani. Ukaja mmoja. Muamala ulianza saa 1:48. Nikaitafuta namba yake kwenye orodha. Kazi: Sleep. Sekunde: 6,312. Ombi: hakuna. Mtumiaji: mimi. Mashine: kompyuta iliyo juu ya meza yangu.

Msomaji aelewe kilichotokea, maana hapa ndipo watunza seva wengi hupotea. Muamala ulio wazi hushika kufuli dogo juu ya kila jedwali ulilogusa, ili umbo la jedwali lisibadilishwe chini ya miguu yake. Makarani na mimi tungeweza kufanya kazi pamoja siku nzima bila shida, maana kufuli hilo dogo hushikwa na wengi kwa wakati mmoja. Lakini ALTER inataka jedwali liwe lake peke yake. Ikafika, ikanikuta nimelishika, ikasubiri. Nayo ikishasubiri, kila anayekuja baada yake husubiri nyuma yake, hata anayetaka kusoma tu. Na kusubiri huko, kwa mpangilio wa kawaida wa MySQL, kunaweza kufika sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima. Ningeweza kuisimamisha ALTER na foleni ingeachia, maana ilikuwa haijaanza kazi. Sikuigusa. Niliua waliokuwa wakiteseka, kwa sababu ndio waliokuwa wakionekana. Aliyeushika mlango alikuwa amelala, na kichujio changu mwenyewe ndicho kilichomficha.

Nilitembea hatua sita hadi kwenye meza yangu. Dirisha lilikuwa wazi vile vile nilivyoliacha. Nikaandika COMMIT, nikabonyeza. Niliporudi kwenye orodha, ALTER ilikuwa imepita, na nyuzi zile zikamiminika, hamsini, thelathini, kumi. Simu zikanyamaza. Hakukuwa na uzi hata mmoja uliostahili kuuawa asubuhi ile. Wale kumi na mmoja niliwaua bure.

Jumamosi nilishuka Masoko. Nilimkuta baba kibarazani, nikamsimulia kwa maneno ya kawaida: foleni, mlango, mtu aliyelala ameshika ufunguo. Hakuuliza habari za kompyuta. Aliuliza, "Na wale uliowafukuza, umewaomba radhi?" Jumatatu niliwapigia makarani wote kumi na mmoja nikawaomba radhi, nikawaeleza kilichotokea. Baadhi walishangaa, walidhani kosa lilikuwa la mtandao wao.

Sasa niko hivi. Orodha ninayoitazama kila asubuhi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya wanaofanya kazi, iliyochujwa kwa sekunde. Ya pili ni ya waliolala wakiwa na muamala wazi, na hiyo ndiyo ninayoisoma kwanza. Katika toleo tunalotumia sasa upo pia mwonekano (view) ndani ya sys uitwao schema_table_lock_waits, unaoonyesha moja kwa moja nani anamzuia nani. Kabla ya kugusa uzi wowote nasoma jina la mtumiaji na mashine, kisha nampigia simu mwenyewe. Nimepunguza muda wa nyuzi kulala, maana kawaida MySQL huuacha uzi ulale sekunde 28,800, saa nane kamili, ndipo iukate. Fomu ya banda sasa huandikwa mkulima kwa mkulima, si yote kwa mkupuo. Mabadiliko ya majedwali tunayafanya usiku, lori la mwisho likishaondoka. Nami sinyanyuki kitini na muamala wazi, hata simu ilie namna gani.

Jambo hili halihusu chai peke yake. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, unakaa juu ya MySQL. Huko anayesubiri kwenye foleni ya nyuzi anaweza kuwa muuguzi mwenye mgonjwa mbele yake. DHIS2, ambayo nchi yetu inaitumia kwa taarifa za afya, inakaa juu ya hifadhidata nyingine, PostgreSQL, na huko orodha huitwa pg_stat_activity. PostgreSQL inamwandika waziwazi mtu wa aina yangu: idle in transaction, yaani amekaa bila kazi na muamala wake u wazi. Jina limebadilika, mtu ni yule yule.

Ndugu yangu unayetunza seva, iwe Tukuyu, Mwanza, Mombasa au Goma, nakuomba mambo matatu. Mfumo ukikwama, usizime kabla hujaorodhesha. Ukichuja, kumbuka ulichokiondoa, kisha kitazame nacho. Na ukimpata anayezuia, soma jina lake mpaka mwisho kabla hujaandika KILL, kwa maana nyuma ya kila mstari yupo mtu, na nyuma ya mtu huyo pengine yupo mama aliyesimama kwenye mvua na kilo 41 za majani.